Maziwa ya Kumwaga

Minyoo ni viumbe wasio na shukrani. Wanahamia kwa mwenyeji bila hodi, wanakula chakula chake, hawalipi kodi, na siku wakifukuzwa wanaondoka na heshima yake. Hata hivyo tuwape haki yao. Bila wao, na bila ndugu zao kupe na viroboto, duka la dawa za mifugo nyuma ya soko lingekuwa limeota utando zamani. Badala yake lilikuwa na foleni.

Foleni yenyewe ilianzia kaunta, ikatoka mlangoni na kushuka ngazi. Palikuwa na mama mmoja aliyebeba kijibwa kilichovishwa sweta la bluu, na ndani ya sweta hilo viroboto waliishi kwa joto la kutosha kuzaa na kulea. Palikuwa na paka ndani ya kikapu, akiwatukana wote kwa lugha yake. Palikuwa na fundi cherehani na mbuzi wake, na kwa sura haikuwa rahisi kujua nani kamleta nani. Zamani mbwa akijikuna, watu walisema anajikuna. Siku hizi akijikuna mara mbili, familia nzima inakaa kikao.

Na mwisho wa foleni, bila mbwa, bila paka, bila hata kuku wa kusingizia, alisimama Sabuni.

Aliitwa Sabuni kwa sababu kila aliyewahi kumkamata alibaki na povu mkononi. Alishawahi kuuza kivuli cha mti kwa mtu aliyekuwa tayari amekaa chini ya mti huo. Lakini asubuhi ile hakuja kuuza kitu. Alikuja kumtazama Dada Dawa, msichana aliyesimama nyuma ya kaunta akipima unga wa viroboto, na kila alipomtazama maarifa yake yote yalimtoka kama hewa kwenye tairi.

Foleni ikasogea. Mbele yake alikuwepo mama mmoja mwenye ng'ombe, na Dada Dawa alikuwa akimkabidhi chupa.

"Ukishamnywesha hii ya minyoo, mama, maziwa yake usinywe wala usiuze mpaka muda wa kusubiri upite. Dawa inakuwa bado imo kwenye damu."

"Sasa maziwa yote hayo niyafanye nini?"

"Ni ya kumwaga, mama."

"Ya kumwaga!" Mama yule akaondoka na uso wa mtu aliyeambiwa akamzike jirani aliye hai.

Sabuni akabaki amesimama. Kuna watu husikia neno la namna hiyo wakahuzunika. Kuna watu husikia wakajifunza. Yeye alisikia maziwa yakimwagika mji mzima, meupe, mazito, bila mwenyewe.

"Kaka, nikusaidie nini?" Dada Dawa aliuliza.

"Nina minyoo."

"Hapa tunatibu wanyama."

"Ndiyo maana nimekuja. Mama yako juzi aliniita mbwa."

"Hakukuita mbwa. Alisema hata mbwa ana kazi."

Na hapo ndipo penye kidonda. Mama yake Dada Dawa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mtindi, alikuwa na duka la maziwa, na alikuwa ameweka sharti moja tu kwa yeyote anayemtaka binti yake: aje na ng'ombe. Hakutaka mkwe wa maneno, maneno alikuwa nayo ya kutosha mwenyewe. Sabuni, ambaye ulimi wake ulikuwa na mazoea ya kutoka nje kabla hajauruhusu, alikuwa amejibu papo hapo, "Ng'ombe ninao, mama. Watatu. Jumatatu naanza kukuletea maziwa."

Jumatatu ilikuwa kesho. Ng'ombe walikuwa hawajazaliwa.

"Nauliza tu," alisema Sabuni akiegemea kaunta. "Mtu akishapewa dawa ya ng'ombe wake, nani anahakikisha maziwa yamemwagwa kweli?"

"Dhamiri yake."

"Peke yake?"

"Wewe unauliza kwa sababu gani?"

"Mimi ni mfugaji," alisema Sabuni, akatoka akiwa ameshika kifua kwa unyenyekevu.

*

Nyuma ya nyumba moja yenye ukuta mrefu, mwendo mfupi kutoka sokoni, waliishi ng'ombe watatu na mwenye nyumba wao, karani mstaafu aliyejulikana kama Mzee Bure. Jina hilo alilipata kwa jasho. Hakuwahi kukataa kitu cha bure, na hakuwahi kununua kitu ambacho kwa kusubiri kidogo kingeweza kuwa cha bure. Ng'ombe wake walikula majani ya kabichi yaliyotupwa na wauza mboga. Mbwa wake, Kamanda, alikuwa mbwa wa jirani aliyehama bila kuaga. Hata viatu alivyovaa vilikuwa vya aina mbili, kwa kuwa aliviokota siku mbili tofauti.

Jumatatu alfajiri Sabuni alibisha hodi akiwa amevaa koti jeupe. Koti lilikuwa la rafiki yake Kinyozi, na kwenye kola bado palikuwa na nywele za wateja wa Jumamosi.

"Shikamoo mzee wangu. Natoka Mpango wa Minyoo."

"Marahaba. Wa kuileta au wa kuiondoa?"

"Kuiondoa, mzee. Bila malipo."

Mzee Bure, aliyekuwa ameshaanza kufunga mlango, aliufungua mpaka ukagonga ukuta. "Karibu, daktari! Karibu ndani! Ng'ombe wangu wana minyoo vibaya sana. Hata mimi ninayo, kama dawa itabaki."

Sabuni akatoa chupa ya shingo ndefu. Ndani yake mlikuwa na chai ya rangi iliyopoa, na chumvi kidogo ili dawa iwe na hadhi. Akawainua ng'ombe vichwa, mmoja mmoja, akawanywesha kwa uso wa mtu anayeokoa taifa. Ng'ombe wa tatu alilamba midomo akataka tena. Ndivyo ilivyokuwa ng'ombe wa Mzee Bure wakanywa chai kabla ya mwenyewe.

"Sasa, mzee wangu," alisema Sabuni, sauti ikashuka kama ya mtu anayesoma wosia, "maziwa yao kuanzia leo ni sumu."

"Ee! Mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie. Huruhusiwi kunywa, kuuza, wala kumwaga mtaroni. Mtaro unakwenda mtoni, mto una samaki, samaki wana haki zao. Nitakuja kila asubuhi mimi mwenyewe, niyabebe, nikayateketeze kitaalamu."

Uso wa Mzee Bure ukapigana vita. Upande mmoja dawa ya bure, upande wa pili maziwa yake mwenyewe. "Na kuyabeba huko," akauliza polepole, "nalipia?"

"Bure."

"Basi dawa yako ni nzuri," alisema Mzee Bure, akaenda kutafuta ndoo.

*

Mama Mtindi alikuwa mwanamke mpana, mwenye aproni nyeupe na jicho moja lililokuwa dogo kuliko jingine, kwa sababu ya kuyatilia mashaka maziwa ya watu miaka mingi. Siku hizo duka lake lilikuwa na shida. Mbebaji aliyekuwa akimletea maziwa kwa baiskeli alikuwa amegoma akitaka kuongezewa mshahara, na hakuna aliyekubali kumwongezea. Kwa hiyo Sabuni alipoingia na debe lililojaa, koti la Kinyozi likiwa limekunjwa chini ya tandiko la baiskeli, alipokelewa kama mvua.

Mama Mtindi akachota kwenye kikombe. Akanusa. Akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni, akachungulia ndani ya debe.

"Ng'ombe wako wanakula nini, mwanangu?"

"Nyasi zilizochaguliwa, mama. Na molasi. Na jioni nawasugua mgongo."

"Molasi." Alimeza. "Naam. Inasikika."

"Malipo, mama, sitaki hata kuyasikia. Haya ni maziwa ya heshima."

"Una moyo mzuri," alisema Mama Mtindi, na jicho dogo likazidi kuwa dogo. "Sasa, kwa kuwa umeshafika, hebu nioshee hilo debe. Na yale makreti pale yanahitaji kupandishwa juu. Mkwe ni mtoto."

Mkwe! Kwa neno hilo Sabuni angepandisha duka lenyewe. Alibeba makreti akiimba.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda. Alfajiri Sabuni alikuwa daktari, asubuhi alikuwa mfugaji, mchana alikuwa maiti. Njia kutoka kwa Mzee Bure mpaka dukani ilikuwa na mlima, na baiskeli ilikuwa na mnyororo wenye maoni yake. Muda wa kusubiri aliurefusha kila ulipokaribia kwisha: mara minyoo imekuwa sugu, mara imetaga, mara imeonekana ikicheka. Mzee Bure hakulalamika hata siku moja.

"Daktari, huwezi kuongeza tena kidogo?" aliuliza asubuhi moja, akimshikia baiskeli.

"Kuongeza nini, mzee?"

"Huo muda. Naona ng'ombe wanaupenda. Na ukitoka hapo, hebu wafagilie banda kwanza. Mavi si nayo yana minyoo?"

Mtu mwingine angejiuliza inakuwaje bahili akafurahia kunyang'anywa maziwa. Sabuni hakujiuliza. Mjanja ana ugonjwa wake: akishaamini kwamba wenzake wote ni wajinga, hana tena sababu ya kuwatazama vizuri. Alifagia banda. Alimtoa Kamanda kupe masikioni, Kamanda akamshukuru kwa kumng'ata. Usiku alilala na viatu.

Hatimaye Mama Mtindi akasema maneno aliyoyangoja: "Jumapili njoo na mzee wako, tuzungumze mambo ya huyu binti."

Sabuni hakuwa na mzee. Alikuwa na Kinyozi.

*

"Mimi ni baba yako mdogo," Kinyozi alirudia njiani, amevaa koti la suti lililokuwa kubwa kiasi cha kuhifadhi mtu wa pili. "Nina busara. Nacheka kidogo. Nikikwama, nakohoa."

"Na usimwambie mtu nywele zake zimekaa vibaya."

"Hata kama zimekaa vibaya?"

"Baba mdogo!"

Sebule ya Mama Mtindi ilikuwa nyuma ya duka. Kulikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vilivyopigwa pasi, saa ya ukutani yenye kelele, na meza ndogo ambayo juu yake ziliwekwa bilauri mbili kubwa za maziwa. Dada Dawa alikaa pembeni, mikono juu ya mapaja, mpole kama mlango uliofungwa.

"Karibuni, hayo ni maziwa ya huyuhuyu mwanangu," alisema Mama Mtindi. "Ya asubuhi ya leo. Mtu aonje jasho lake."

Sabuni akanywa yote. Kinyozi naye akanywa yote, akajifuta mdomo, akakohoa kwa busara.

"Kabla hatujaanza," Mama Mtindi akaendelea, "kwetu mambo ya binti hayasemwi bila mjomba wake. Kaka! Wageni wamefika!"

Pazia la chumba cha ndani likafunguka. Akatoka Mzee Bure, na viatu vyake vya aina mbili.

Sabuni akaishika bilauri tupu kana kwamba ingeweza kumficha.

"Daktari!" Mzee Bure aliita kwa furaha. "Na wewe umealikwa?"

"Daktari gani?" aliuliza Mama Mtindi. "Huyu ni mfugaji."

"Mama," alisema Sabuni, na hapa lazima tumvulie kofia, maana aliteleza bila kuanguka, "mtu akiwapenda ng'ombe kweli, hawezi kuishia kuwafuga tu. Huwatibu pia. Hata wa wenzake."

"Basi nimebahatika kukukuta," alisema Mzee Bure akikaa. "Nilitaka nikuambie jambo. Jana niliona dawa yako inachelewa. Nikaokota chupa nyingine jalalani kule sokoni. Haina karatasi, lakini ilikuwa bado na dawa nusu. Nikawanywesha wote watatu juu ya ile yako."

Dada Dawa akainuka nusu. "Mjomba! Umechanganya dawa mbili?"

"Ilikuwa ya bure."

"Unajua hayo maziwa sasa yakoje? Mtu akiyanywa?"

"Nani ayanywe? Daktari anayateketeza." Mzee Bure akazitazama bilauri mbili tupu. "Au sivyo, daktari?"

Sabuni akaisukuma bilauri yake mbali.

"Haya ni ya ng'ombe wangu mimi," alisema Sabuni, kwa sauti iliyokuwa imepoteza mafuta.

"Basi hakuna neno," alisema Dada Dawa akikaa tena. "Maana mtu angekuwa ameyanywa yale, ingeanza na jasho."

Kinyozi akapitisha mkono kwenye paji la uso. Akautazama mkono.

"Halafu mdomo unakauka," Dada Dawa aliendelea, kama anayemweleza mteja. "Halafu magoti yanacheza. Halafu sitaki kusema, leo Jumapili."

"Dada," alisema Kinyozi, na magoti yake yalikuwa yanagongana ndani ya suruali, "kwa mtu kama huyo, tuseme ni mtu wa mbali, dawa ipo?"

"Baba mdogo, kohoa," alinong'ona Sabuni.

"Kohoa wewe! Dada, dawa ipo?"

"Ipo. Lakini lazima nijue ile ya kwanza ilikuwa dawa gani. Nikikosea, nammaliza."

Wote wakamgeukia Sabuni. Mbele yake palikuwa na njia mbili. Akinyamaza, atabaki na ng'ombe watatu wa kufikirika, na mke, kwa muda wowote utakaokuwa umebaki kwenye uhai wake. Akisema, atabaki hai bila kitu. Alimtazama Dada Dawa, akaona kwamba hata kufa angependa afe akitazamwa vile. Pengine angekufa kweli kwa ajili ya mapenzi na uwongo. Lakini Kinyozi alikuwa hajampenda mtu.

"Chai!" Kinyozi alipiga kelele. "Chai ya rangi na chumvi! Tuliipika dukani kwangu, kwenye birika la maji ya kunyolea! Mimi si baba mdogo wa mtu, mimi ni kinyozi, na hana ng'ombe, hana hata picha ya ng'ombe! Niokoeni, nina wateja kesho!"

Dada Dawa akamtazama Sabuni.

"Ni kweli?"

Sabuni alifungua mdomo. Maneno mazuri kumi yalipanga foleni, kila moja likiwa limechana nywele. Akayatazama yote, akayarudisha ndani.

"Ni chai," akasema. "Chumvi niliweka mimi."

Mama Mtindi ndiye aliyeanza kucheka. Alianza tumboni, aproni ikatikisika, kisha Mzee Bure akamfuata, kisha hata saa ikaonekana kuchekacheka.

"Kunyweni maji mkalale," alisema Mama Mtindi akijifuta machozi. "Hakuna chupa ya jalalani. Maziwa ni mazima kuliko nyinyi."

"Mlijua?" aliuliza Sabuni. "Tangu lini?"

"Tangu funda la kwanza. Mwanangu, katika mji huu kuna ng'ombe watatu tu ambao maziwa yao yana harufu ya kabichi. Nimekuwa nikiyauza tangu binti yangu hajaota meno."

"Na mimi niliamini mpaka adhuhuri," alisema Mzee Bure bila aibu. "Nikaenda duka la dawa kumwuliza mpwa wangu kama naweza kupata na ya mbwa bila malipo. Akashangaa. Ng'ombe wangu yeye alikuwa ameshawatibu mwezi uliopita, hawakuwa na mnyoo hata mmoja."

"Sasa kwa nini uliwatoa wanyweshwe?"

"Si ulisema ni bure?"

Sabuni akajishika kichwa. Alikuwa anaanza kuona kitu, na hakupenda umbo lake. "Kwa hiyo yale maziwa niliyokuwa naiba..."

"Kuiba?" alisema Mama Mtindi. "Nani kaiba? Kaka yangu anakamua, mimi nauza, tunagawana. Ndivyo tunavyoishi. Mbebaji wetu alipogoma, huyu alisema mimi ndiye nimlipe, mimi nikasema yeye. Tulinuniana mpaka tukakaribia kufunga duka. Ndipo Mungu akakuleta wewe. Unachukua kwake, unaleta kwangu, huombi senti, unaosha debe, unafagia banda. Tungekuzuia kwa dhambi gani?"

"Mtoa kupe mzuri pia," aliongeza Mzee Bure. "Kamanda anakusifu."

Kinyozi, aliyeanza kupata rangi, alisimama na kutikisa suti. "Mimi nadhani shughuli zangu zimekwisha," akasema. "Mama, nywele zako kwa nyuma zimekaa vibaya, njoo Jumanne." Akatoweka.

Sabuni naye akasimama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mlango ulikuwa wazi na miguu yake haikutaka kuutumia.

"Samahani, mama," akasema. "Samahani, mzee. Nilichokuwa nakitaka hapa si maziwa."

"Tunajua ulichokuwa unakitaka," alisema Mama Mtindi. "Kipo hapo kimekaa. Kiulize chenyewe."

Dada Dawa alimtazama kama anavyomtazama ng'ombe ambaye mfugaji wake anaapa kwamba si mgonjwa.

"Umesema kweli mara moja," akasema. "Hiyo ni dawa, imeingia. Lakini mtu akishapewa dawa, hatumiki palepale. Uwongo bado umo kwenye damu. Mpaka muda wa kusubiri upite."

"Ni muda gani?"

"Kwa ng'ombe umeandikwa kwenye chupa. Kwa mtu kama wewe hakuna aliyewahi kufanya utafiti."

"Na wakati huo nafanya nini?"

"Unaendelea kubeba maziwa," alisema Mzee Bure haraka.

"Kwa mshahara?"

Kaka na dada wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kukubaliana juu ya jambo kwa sekunde ileile.

"Bure," wakasema.

*

Jumatatu asubuhi foleni ilikuwa imefika tena kwenye ngazi. Sabuni alipita na baiskeli yake, debe nyuma, jasho mbele. Mnyororo ukachomoka mbele ya duka la dawa, kama kwa kuagizwa, akashuka kuurudisha.

Koti jeupe la Kinyozi, kwa kuwa hakuwa na nguo nyingine iliyofuliwa, alikuwa amelivaa.

"Daktari!" Alikuwa mama wa kijibwa chenye sweta la bluu. Alimshika mkono. "Asante Mungu. Foleni hii hainifikishi leo. Mtazame huyu, halali kwa kujikuna. Huna dawa hapo? Nitatoa chochote, kaka yangu, chochote."

Chochote. Neno hilo lilishuka masikioni mwa Sabuni kama asali. Mfukoni mwa koti kulikuwa na kopo la poda ya kunyolea, jeupe, lenye harufu nzuri. Ulimi wake, kwa mazoea, ulikuwa umeshafika mlangoni umevaa viatu.

Akaumeza.

"Mimi si daktari, mama," akasema. "Nabeba maziwa. Mvue sweta hilo, ulichemshe, halafu rudi kwenye foleni."

Ndani, nyuma ya kaunta, Dada Dawa hakuacha kupima unga wake wala hakuinua macho.

"Siku ya kwanza," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka nje, kisha akamwita mteja aliyefuata.